Maswali ya Wasomaji: Tunapokiri Kwamba Yesu Anaokoa, Tunakiri Nini?

Barua zilizotufikia kuhusu wokovu zimeandikwa na waumini wa madhehebu mbalimbali, na nyingine zimetoka kwa watu ambao hawana hakika kama wao ni waumini. Nimechagua zile zinazogusa kiini cha jambo lenyewe. Pale makanisa yanapotofautiana nimeieleza tofauti hiyo bila kuificha, na pale nilipo na msimamo wangu nimeusema waziwazi, ili msomaji ajue anasikia sauti ya nani.

SWALI: Tangu utotoni nimesikia kwamba Yesu anaokoa. Hivi karibuni mwanangu aliniuliza, "Anatuokoa na nini?" Nikamjibu, "Na moto wa milele." Akaniuliza tena, "Ni hilo tu?" Nikakosa la kusema. Naomba unisaidie.

JIBU: Jibu lako halikuwa la uongo, ila lilikuwa fupi kuliko jambo lenyewe, na mwanao aliliona pengo hilo. Malaika alipomweleza Yusufu sababu ya mtoto kuitwa Yesu, alisema kwamba "yeye ndiye atakayewaokoa watu wake na dhambi zao" (Mathayo 1:21). Hakusema kwamba atawaokoa na adhabu ya dhambi zao peke yake. Mtu anaweza kuiogopa sana adhabu huku akiendelea kuipenda dhambi iliyoileta, na kama angepewa nafasi ya kuukwepa moto bila kuachana na chuki yake, au dhuluma yake, au uzinzi wake, angeipokea kwa mikono miwili. Injili haina ahadi ya namna hiyo. Inachoahidi ni kikubwa zaidi, yaani msamaha wa hatia yote, na pamoja na msamaha huo kuvunjwa kwa utawala wa dhambi ndani ya mtu, hadi siku ambayo haitabaki hata chembe yake.

Agano Jipya linataja maadui wengine pia. Mtume Paulo anaiita mauti adui wa mwisho atakayebatilishwa (1 Wakorintho 15:26). Anasema kwamba Mungu alituokoa katika nguvu za giza na kutuhamisha katika ufalme wa Mwana wa pendo lake (Wakolosai 1:13). Wala hafichi kwamba iko ghadhabu itakayokuja, ambayo Yesu ndiye anayetuokoa nayo (1 Wathesalonike 1:10). Hukumu ya Mungu basi ni sehemu halisi ya habari hii, na sioni kwamba mhubiri yeyote amepewa ruhusa ya kuiondoa ili awapendeze wasikilizaji wake. Kosa liko katika kuifanya hukumu kuwa habari yote.

Mweleze mwanao upande wa pili pia, ambao mara nyingi husahaulika mimbarani. Waisraeli hawakutolewa Misri ili waachwe jangwani wajitafutie la kufanya. Walitolewa ili wawe watu wa Mungu, naye akae kati yao. Vivyo hivyo, anayeokolewa na Kristo haondolewi tu katika hatari, bali anaingizwa katika ushirika. Yesu mwenyewe, katika sala aliyoomba kabla ya kukamatwa, alisema kwamba uzima wa milele ndio huu: kumjua Mungu wa pekee wa kweli, na Yesu Kristo aliyetumwa naye (Yohana 17:3). Wakristo wa Kiorthodoksi wameushikilia upande huu kwa nguvu kuliko wengi wetu. Kwao, lengo la wokovu ni mwanadamu kushirikishwa uhai wa Mungu mwenyewe, kama Petro anavyosema kwamba tumepewa ahadi ili tuwe washirika wa tabia ya Uungu (2 Petro 1:4), bila ya kiumbe kugeuka kuwa Muumba.

Tena wokovu huo hauiachi nyuma miili yetu. Kanuni ya Imani ya Mitume inakiri ufufuko wa mwili, na Paulo anasema tunautazamia ukombozi wa mwili wetu, huku uumbaji wote ukiugua pamoja nasi ukingojea kuwekwa huru (Warumi 8:21-23). Kwa hiyo, anayedhani kwamba kuokoka ni roho kuponyoka duniani na kukimbilia mbinguni bado hajasikia nusu nyingine ya habari.

SWALI: Nililelewa na wazazi wanaomcha Mungu. Nilibatizwa nikiwa mtoto, nikafundishwa, na sikumbuki wakati wowote ambao sikumwamini Kristo, ingawa nimemkosea mara nyingi. Katika kikundi chetu cha maombi kila mmoja husimama na kuitaja siku aliyookoka. Zamu yangu inapokaribia, moyo hunienda mbio. Dada mmoja ameniambia kwamba asiyeijua siku aliyozaliwa mara ya pili bado hajazaliwa. Je, ni kweli? Nimekuwa nikilia usiku kwa ajili ya jambo hili.

JIBU: Si kweli, dada yangu, na ninasikitika kwamba umebebeshwa mzigo ambao Maandiko hayakukubebesha.

Ni kweli kwamba wako watu wanaoweza kuitaja siku. Paulo aliweza kusimulia jinsi nuru ilivyomwangaza njiani karibu na Dameski. John Wesley, ambaye mahubiri yake yaliwazaa Wamethodisti, aliandika kwamba jioni ya tarehe 24 Mei 1738, katika mkutano mmoja mjini London, moyo wake uliguswa kwa joto la ajabu naye akajua kwamba Kristo amemwondolea dhambi zake. Ushuhuda wa namna hii ni wa thamani, na sitaki mtu yeyote auonee haya. Lakini hakuna mahali ambapo Biblia inaufanya kuwa kipimo cha watu wote.

Soma sura ya 16 ya Matendo ya Mitume polepole, maana imewaweka watu tofauti kabisa ndani ya mji mmoja wa Filipi. Yuko Lidia, mfanyabiashara wa rangi ya zambarau kutoka Thiatira, ambaye tayari alikuwa mcha Mungu. Alikuwa ameketi kando ya mto akimsikiliza Paulo, na Luka anaandika tu kwamba Bwana alimfungua moyo. Hakukuwa na kelele wala machozi yaliyoandikwa. Kisha yuko mlinzi wa gereza. Kwake kulikuwa na tetemeko la nchi usiku wa manane, milango imefunguka, upanga umechomolewa ili ajiue, na kilio cha mtu aliyefika mwisho wa njia: "Bwana zangu, yanipasa nifanye nini nipate kuokoka?" Akajibiwa, "Mwamini Bwana Yesu, nawe utaokoka pamoja na nyumba yako." Saa ile ile akawaosha Paulo na Sila majeraha ya viboko, yeye aliyekuwa amewafunga miguu kwa mkatale saa chache tu zilizopita, ndipo naye akabatizwa. Yule mwanamke na yule mlinzi walikuwa wa kanisa moja, wakamwabudu Bwana mmoja. Lidia hakuambiwa asubiri tetemeko lake.

Mfikirie pia Timotheo, ambaye hali yake inafanana na yako. Paulo anaitaja imani iliyokaa kwanza katika bibi yake Loisi na katika mama yake Eunike, na anamkumbusha kwamba tangu utoto ameyajua maandiko matakatifu, ambayo yaweza kumhekimisha hata apate wokovu kwa imani iliyo katika Kristo Yesu (2 Timotheo 1:5, 3:15). Hamwulizi tarehe. Na Petro je? Aliokoka siku alipoziacha nyavu? Au siku alipokiri kwamba Yesu ndiye Kristo? Au alfajiri ile jogoo alipowika naye akatoka nje akalia kwa uchungu? Au aliposimama kando ya ziwa akiulizwa mara tatu kama anampenda Bwana wake? Nimewauliza swali hili waalimu wenye elimu kubwa kuliko yangu, na kila mmoja huchagua siku yake.

Dada yule alitumia mfano wa kuzaliwa, basi tuufuate mfano huo huo mpaka mwisho. Hakuna anayejua kwamba yuko hai kwa sababu anaikumbuka siku aliyozaliwa; anajua kwa sababu anapumua. Mtume Yohana aliandika waraka wake wa kwanza ili wanaoliamini jina la Mwana wa Mungu wajue kwamba wana uzima wa milele (5:13), na alama anazozitaja humo ni za maisha ya sasa: kumwamini Mwana, kuziungama dhambi badala ya kuzikana, kuwapenda ndugu kwa matendo, kuzishika amri. Tena anajua kwamba wako watu kama wewe, ambao mioyo yao inawashtaki hata pasipo sababu, naye anawaambia kwamba Mungu ni mkuu kuliko mioyo yetu, naye anajua yote (3:20).

Kuna jambo jingine linaloweza kukufungua. Agano Jipya linauzungumzia wokovu katika nyakati zote tatu. Waefeso wanaambiwa kwamba wamekwisha kuokolewa kwa neema (2:8). Wakorintho wanaambiwa kwamba neno la msalaba ni nguvu ya Mungu "kwetu sisi tunaookolewa" (1 Wakorintho 1:18), jambo linaloendelea. Warumi wanaambiwa kwamba wakiisha kuhesabiwa haki kwa damu ya Kristo, wataokolewa na ghadhabu kwa yeye (5:9), jambo ambalo bado liko mbele. Anayeukaza wokovu wote katika siku moja iliyopita anazikata nyakati mbili kati ya tatu. Na mimi nawaogopea zaidi wale wenye tarehe nzuri iliyoandikwa ndani ya jalada la Biblia, lakini leo hawaombi, hawasamehi, wala hawana haja na Kristo, kuliko ninavyokuogopea wewe.

Zamu yako itakapofika, simama useme ukweli wako: kwamba Mungu alikushika mapema kuliko kumbukumbu zako, kwamba amekusamehe mengi, na kwamba leo unamtumaini Yesu Kristo aliyekufa na kufufuka kwa ajili yako. Huo ni ushuhuda kamili. Kama siku mkono wa Mungu ulipokushika huijui, yeye anaijua, na tumaini lako halikujengwa juu ya nguvu ya kumbukumbu yako bali juu ya uaminifu wake.

SWALI: Mimi ni Mkatoliki na mume wangu ni Mlutheri. Tunapendana, lakini kila mara tunapozungumza habari za wokovu tunaishia kubishana. Yeye husema tunaokolewa kwa imani peke yake, nami humwonyesha Waraka wa Yakobo. Nani kati yetu ana haki?

JIBU: Kila mmoja wenu anashika andiko la kweli, ila nadhani kila mmoja anabishana na mwenzake ambaye hayupo. Yaelekea mume wako anadhani unafundisha kwamba mtu huununua wokovu kwa matendo mema. Kanisa lako halifundishi hivyo. Mtaguso wa Trento, yaani mkutano mkuu wa maaskofu wa Kanisa Katoliki, ambao ulikaa kati ya mwaka 1545 na 1563 ili kuwajibu Waprotestanti, ulitangaza katika kikao chake cha Januari 1547 kwamba anayesema mtu aweza kuhesabiwa haki mbele za Mungu kwa matendo yake mwenyewe, pasipo neema ya Mungu kwa Yesu Kristo, amelaaniwa. Nawe pengine unadhani kwamba mume wako anafundisha imani isiyojali maisha. Luther hakufundisha hivyo. Katika utangulizi wake wa Waraka kwa Warumi, alioutoa mwaka 1522, aliandika kwamba imani ni kitu kilicho hai na chenye bidii, kisichoweza kukaa bila kutenda mema.

Paulo na Yakobo wote wawili wanamtumia Ibrahimu, na inafaa kutazama kila mmoja anaisisitiza siku ipi ya maisha yake. Paulo, katika Warumi 4, yuko katika sura ya 15 ya Mwanzo, Ibrahimu alipoiamini ahadi akiwa hana mtoto, naye akahesabiwa haki kabla hajafanya lolote la kumpa sifa. Yakobo anauleta ushuhuda wa sura ya 22, miaka mingi baadaye, Ibrahimu alipomweka Isaka juu ya madhabahu, na anasema kwamba kwa tendo lile imani yake ilikamilishwa. Yakobo anapinga imani ya maneno matupu, ile ambayo hata mashetani wanayo, wakaamini na kutetemeka (2:19). Paulo anapinga majivuno ya mtu anayemdai Mungu ujira. Hawakuwa wakipigana wao kwa wao.

Nikitaka kuyaona yote mawili kwa pamoja huenda kwa Zakayo, katika Luka 19. Mtoza ushuru mkubwa wa Yeriko yuko juu ya mkuyu, hajatubu neno, hajarudisha kitu, naye anasikia akiitwa kwa jina: "Zakayo, shuka upesi, kwa kuwa leo imenipasa kushinda nyumbani mwako." Watu wananung'unika, na wana sababu, maana mgeni ameingia kwa mwizi kabla mwizi hajajirekebisha. Hapo ndipo Zakayo anaposimama na kusema kwamba nusu ya mali yake anawapa maskini, na aliyemnyang'anya kwa hila anamrudishia mara nne. Torati ilimtaka mtu anayeungama kosa lake kurudisha kilicho cha mwenzake na kuongeza sehemu ya tano tu (Hesabu 5:7). Zakayo amepita mbali, na hakuna aliyemtajia kiwango. Kama angeanza kwa kulipa ndipo Yesu aje, tungekuwa na wokovu wa kununuliwa. Kama Yesu angekuja, akala, akaondoka, na mali ya watu ikabaki katika masanduku ya Zakayo, nani angeamini kwamba wokovu umefika katika nyumba ile?

Mnapaswa pia kujua kwamba tarehe 31 Oktoba 1999, mjini Augsburg, Ujerumani, Kanisa Katoliki na Shirikisho la Kilutheri Duniani walitia sahihi azimio la pamoja kuhusu kuhesabiwa haki. Walikiri pamoja kwamba tunapokewa na Mungu kwa neema peke yake, katika imani kwa kazi ya Kristo ya kuokoa, wala si kwa sababu ya stahili yoyote iliyo ndani yetu, nasi tunampokea Roho Mtakatifu anayeifanya upya mioyo yetu na kutuita tutende mema. Wamethodisti walijiunga na azimio hilo mwaka 2006. Zimebaki tofauti za kweli, kwa mfano kuhusu stahili ya matendo ya mwamini, na kuhusu usemi wa Luther kwamba mwamini ni mwenye haki na mwenye dhambi kwa wakati mmoja. Zizungumzeni hizo, kwa utulivu. Lakini ile hoja kubwa mnayobishania mezani, viongozi wa makanisa yenu mawili wamekwisha kuikiri pamoja.

SWALI: Kama Mungu ni upendo, kwa nini asisamehe tu? Mimi nikikosewa husamehe bila kumwaga damu ya mtu. Msalaba ulihitajika kwa ajili gani?

JIBU: Umeuliza swali ambalo Kanisa limelitafakari tangu mwanzo bila kulifunga kwa jibu moja. Mitaguso mikuu ilieleza kwa makini Kristo ni nani. Nikea, mwaka 325, ilikiri kwamba yeye ni wa asili moja na Baba, na Kalkedonia, mwaka 451, kwamba ni Mungu kweli na mwanadamu kweli. Kuhusu namna msalaba unavyookoa, hakuna mtaguso wowote wa Kanisa zima la kale uliotoa fundisho moja na kuyakataa mengine. Maandiko yenyewe yanatumia lugha nyingi: kafara ya hekaluni, fidia ya kumkomboa mtumwa, hukumu ya mahakamani, ushindi wa vitani, upatanisho wa waliokosana.

Athanasio, askofu wa Aleksandria katika karne ya nne, aliuliza swali lako kwa namna yake: je, toba isingetosha? Akajibu kwamba ingetosha kama tatizo lingekuwa kosa peke yake, lakini mwanadamu alikuwa amekwisha kuingia katika uharibifu na mauti, na toba haimfufui mtu. Alihitajika yule Neno aliyeumba mwanzo, aingie katika mauti yetu na kuivunja kutoka ndani. Anselm, askofu mkuu wa Canterbury huko Uingereza, aliyemaliza kitabu chake juu ya jambo hili mwaka 1098, aliona dhambi kuwa deni la heshima tunayomnyima Mungu. Anayepaswa kulipa ni mwanadamu, anayeweza kulipa ni Mungu peke yake, kwa hiyo mlipaji lazima awe Mungu na mwanadamu. Mwanateolojia Abelard, muda mfupi baadaye, alisisitiza kwamba upendo ulioonyeshwa msalabani ndio unaouwasha upendo wetu. Wanamatengenezo wa karne ya 16, yaani Luther na Waprotestanti wenzake wa mwanzo, walisema kwamba Kristo alibeba mahali petu hukumu iliyotustahili. Mimi naona kwamba kila moja ya njia hizi inasema kweli, na kila moja hupotoka ikiachwa peke yake. Na kama ningelazimishwa kuanza na moja, ningeanza na Athanasio, kwa sababu anakumbuka kwamba tulihitaji uhai na si msamaha tu.

Sasa nirudi kwenye msamaha wako. Unasema husamehe bila gharama. Je, ni kweli? Aliyekusingizia na kukuharibia jina, ukimsamehe, hasara ya jina hilo anaibeba nani? Unaibeba wewe. Unameza maneno ambayo ulikuwa na haki ya kuyasema, unakaa na maumivu bila kuyarudisha. Kila msamaha wa kosa zito unamgharimu anayesamehe. Wakristo wanaamini kwamba kilichotokea msalabani ni Mungu mwenyewe kuibeba gharama hiyo. Kwa sababu hiyo nawasihi wahubiri waache kusimulia habari hii kana kwamba Baba alikuwa na hasira na Mwana akamtuliza kwa kupigwa. Paulo hasemi hivyo. Anasema, "Mungu alikuwa ndani ya Kristo, akiupatanisha ulimwengu na nafsi yake" (2 Wakorintho 5:19). Mwana hakuunyang'anya msamaha kutoka kwa Baba asiyetaka. Kumtuma Mwana kulitokana na upendo wa Baba.

SWALI: Kaka yangu alikuwa mwinjilisti, na wengi walimjia Kristo kwa mahubiri yake. Sasa ni mlevi, hasali, na hucheka tukimtajia kanisa. Je, amepoteza wokovu wake, au hakuwa nao tangu mwanzo?

JIBU: Makanisa yanajibu kwa njia mbili. Sinodi ya Dort, mkutano wa makanisa ya Kireformed uliofanyika Uholanzi mwaka 1618 na 1619, ilifundisha kwamba wale ambao Mungu amewachagua atawalinda hadi mwisho hata wakianguka vibaya, na ilisimama juu ya maneno ya Yesu kwamba hakuna atakayewapokonya kondoo wake katika mkono wake (Yohana 10:28). Wakatoliki, Wamethodisti na wengine wengi wanafundisha kwamba mtu aliyepokea neema anaweza kuitupa kwa hiari yake, na wanakumbusha maonyo mazito ya Waebrania 6. Mimi siwezi kuusoma Waebrania kana kwamba maonyo yale yaliandikwa kwa watu wasioweza kuanguka. Wala siwezi kumsoma Yohana kana kwamba mkono ule ni dhaifu.

Kuhusu kaka yako, hata hivyo, pande zote mbili zitakupa shauri moja. Usimwambie kwamba yuko salama, maana hujui. Usimwambie kwamba amekatiliwa mbali, maana hujui pia. Mwite arudi, na mlango wa nyumba yako usifungwe kwake. Yesu alisema, "Wala yeyote ajaye kwangu sitamtupa nje kamwe" (Yohana 6:37), na neno hilo linamhusu anayekuja mara ya kwanza na anayerudi vilevile. Watu waliookoka kwa mahubiri yake nao wasiogope. Hawakuokolewa na mhubiri.

SWALI: Babu yangu alifariki kabla Injili haijafika kwao. Wazee wanasema alikuwa mtu wa haki, aliyewalea yatima na kumwomba Mungu kama alivyomjua. Je, amepotea? Na mimi, je, naweza kumwombea?

JIBU: Maandiko yanatupa kweli mbili ambazo lazima tuzishike pamoja. Petro alitangaza kwamba hakuna wokovu katika mwingine awaye yote ila Yesu (Matendo 4:12), na Paulo aliandika kwamba Mungu hutaka watu wote waokolewe (1 Timotheo 2:4). Wakristo wengi, hasa wa makanisa ya kiinjili, wanaamini kwamba ni lazima mtu amsikie Kristo na kumwamini akiwa hai, na hoja yao inatoka katika swali la Paulo: watamwaminije yeye wasiyemsikia (Warumi 10:14)? Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati yake ya mwaka 1964 kuhusu Kanisa, ulifundisha kwamba wale ambao bila kosa lao hawaijui Injili, lakini wanamtafuta Mungu kwa moyo mnyofu na kujitahidi, kwa msaada wa neema, kuyatimiza mapenzi yake kadiri dhamiri inavyowaonyesha, wanaweza kuupata wokovu wa milele.

Mimi naelekea upande huu wa pili, kwa sababu hii: Ibrahimu hakulijua jina la Yesu wa Nazareti, wala Rahabu hakulijua, nao wametajwa katika Waebrania 11 miongoni mwa watu wa imani. Waliokolewa na Kristo ambaye hawakuwa wamemwona. Kama babu yako ameokolewa, basi hakuna aliyemwokoa ila Kristo yule yule, wala si wema wake uliomwokoa, hata kama ulikuwa wema wa kweli. Siwezi kukuambia kwa uhakika kwamba ameokoka. Ninachoweza kukuambia ni kwamba atakayemhukumu ni yeye aliyewafia wenye dhambi, na Ibrahimu alikuwa na haki ya kuuliza, "Mhukumu ulimwengu wote asitende haki?" (Mwanzo 18:25). Fundisho hili pia halipunguzi wajibu wa kuhubiri, kwa kuwa anayeweza kumjua Bwana wake waziwazi hapaswi kuachwa ampapase gizani.

Kuhusu kumwombea, Wakatoliki na Waorthodoksi huwaombea wafu tangu zamani, na huonyesha msingi wake katika sura ya 12 ya Wamakabayo wa Pili, kitabu kilichomo katika Biblia zao. Waprotestanti walio wengi hawafanyi hivyo. Wao humshukuru Mungu kwa ajili ya maisha ya marehemu na kumwacha mikononi mwake. Hukutaja kanisa lako. Kama ni la kundi la kwanza, mpe padri wako jina la babu yako alitaje katika misa au liturujia ya kuwaombea marehemu. Kama ni la kundi la pili, mshukuru Mungu kwa kumtaja babu yako kwa jina, na mweleze Mungu wazi kila unachotamani juu yake, kwa maana hakuna andiko linalokuzuia kumwambia Baba yako yaliyo moyoni mwako.